Nusu Desibeli

4 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, una nguvu za kutosha kunigombeza, maana nikikosa kugombezwa na wewe nitajua dunia imeharibika.

Sisi huku tupo. Baba mgongo bado unamsumbua, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama friji za watu zitajitengeneza zenyewe. Juzi alibeba mota peke yake mpaka ghorofa ya pili. Alipanda kanyooka, akashuka kapinda. Anakusalimia, na anasema amebakiwa na dada mmoja tu duniani na huyo mmoja hapokei simu. Hilo na mimi nalisema. Mara ngapi nimekupigia? Inaita, inaita, mpaka inachoka yenyewe.

Sasa sikia yaliyonikuta. Bosi wangu amebandika karatasi ukutani, juu ya skrini yenye mita, kaandika kwa kalamu nene: HASI NANE. Kila wimbo unaotoka studio kwetu sharti mita ya ukubwa wa sauti isome hapo au zaidi. Unajua mwenyewe kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo kelele inavyozidi, na huyu mtu anaikimbilia sifuri utadhani kuna harusi yake huko. Nikimpelekea kazi ya hasi kumi na nne ananiuliza, "Hii imelala au imekufa?"

Mwezi uliopita wamekuja akina mama ishirini na wawili, mafundi cherehani wa karakana moja iliyo nyuma ya soko. Wameunda kikundi, wana nyimbo nane, zote tamu. Lakini ule wa kwanza, Shangazi! Wameutunga kwa ajili ya mwenzao aliyefariki mwaka jana. Anaanza bibi mmoja wanayemwita Bibi Uzi, ambaye alikaa meza moja na marehemu kwa miaka kumi na tisa. Anaimba ubeti mzima peke yake, polepole, sauti iko chini kabisa. Halafu wenzake ishirini na mmoja wanaingia kwa mpigo. Siku ya kwanza nywele zilinisimama, nikajifanya natafuta waya chini ya meza ili wasinione nafuta macho.

Wewe ulinifundisha kwamba limita ni dari: sauti ikiruka sana inazuiwa isije ikakwaruza, basi, kazi yake imeisha. Bosi anataka nisukume wimbo kutoka chini mpaka kila kitu kibanwe darini. Nimejaribu, nimesikia. Bibi Uzi anakuwa mkubwa sawasawa na kundi zima, na kundi likiingia hakuna kinachotokea. Unakuwa kama wimbo wowote ule.

Nimemwambia sifanyi. Kanipa mpaka katikati ya mwezi ujao nifikiri vizuri. Nimeshafikiri. Sifanyi, anifukuze akitaka. Niambie niseme nini ili anielewe, maana mimi nikifungua mdomo kwake naishia kutukana.

Mwanao,
Kidomo

20 Februari

Kidomo mwanangu,

Marahaba, na umshike huyo baba yako umfunge kamba kitandani. Tangu utoto ndivyo alivyo; alianguka kutoka juu ya paa mara mbili, na mara zote mbili akasema paa ndilo lenye makosa.

Hapa kwa binti yangu tuko wazima. Mapacha wameota meno siku moja na wanalia kwa zamu, mmoja akinyamaza mwenzake anapokea. Mkwe wangu ni mtu mwema ila ana maneno kama redio, na mimi redio niliziacha kazini. Kuhusu simu, usinipigie. Simu inaminya sauti za watu mpaka wote wanakuwa mtu mmoja mwenye mafua. Andika. Mwandiko wako mbaya lakini ni wako.

Sasa huyo bosi wako. Kwanza usimtukane, nisije nikaulizwa nimekulea vipi. Pili, usibishane naye kwa mdomo. Mtu anayependa kelele ukimpigia kelele unampa chakula chake. Miaka thelathini nimekaa kwenye vyumba vya sauti, na jambo nililoliona kila wiki ni hili: mchezeshe mtu wimbo uleule mara mbili, wa pili uuongeze kidogo tu, chembe ambayo hata yeye hajui kama imeongezeka, atakuapia kwamba wa pili ni mzuri zaidi. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia besi imekaa vizuri, waimbaji wamechangamka, na uongo mwingine mwingi. Ndivyo masikio yalivyoumbwa. Si ujinga wake peke yake.

Kwa hiyo mnyang'anye hiyo chembe. Chukua ile ya hasi nane, ishushe mpaka mita isome sawa na yako. Sawa, Kidomo. Siyo karibu na sawa. Halafu wachezeshe watu zote mbili bila kuwaambia ipi ni ipi. Hapo iliyominywa itabaki uchi, maana kitu pekee ilichokuwa nacho ni ukubwa. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini ukilikalia linanyamaza. Na mwambie pia kwamba hao wanaorusha nyimbo mtandaoni siku hizi wanazishusha wenyewe zote mpaka kimo kimoja. Anawaminya akina mama wa watu bure.

Usiichukie limita, haijakukosea. Ni chumvi tu, tatizo ni mkono.

Shangazi yako

11 Machi

Shangazi yangu, mwamba wa miamba!

Shikamoo mara kumi. Baba hajambo, mapacha wape pole ya meno, mkwe mwambie apumue. Habari ni moja tu: NIMEMSHINDA!

Ngoja nikupe yote. Ilikuwa Jumatano saa nne asubuhi. Bosi kakaa kwenye kiti chake cha magurudumu, kakunja nne. Kwenye kochi kakaa kiongozi wa kikundi, wanamwita Mama Pindo, na wenzake wawili, mmoja amekuja na tepu ya kupimia bado iko shingoni. Nikafunga dirisha kwa sababu ya gereji ya jirani, nikawapa chai, nikawaambia: nitawachezesha wimbo wenu mara mbili, ya kwanza na ya pili, mniambie mnaitaka ipi. Bosi akacheka, akasema yeye ataitambua yake hata akiwa amelala.

Ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaisha, Mama Pindo akasema hapohapo, "Ya kwanza." Wenzake: ya kwanza. Nikamgeukia Bosi. Akajikuna shingo, akasema ya kwanza ina uhai zaidi, ya kwanza ndiyo yake, hasi nane, si unasikia ilivyosimama!

Ya kwanza ilikuwa yangu.

Laiti ungeiona sura yake. Aliuliza mara tatu kama sikukosea. Yule wa tepu alicheka mpaka akamwaga chai kwenye zulia. Jioni karatasi haikuwepo ukutani. Wimbo unatoka kwa kipimo changu, na jina langu litaandikwa nyuma ya jalada. Nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani nikiimba, watu wakaniona chizi, na waniite hivyohivyo!

Nakushukuru mno. Yote ni kazi yako.

Mwanao,
Kidomo

25 Machi

Kidomo,

Marahaba. Huku wazima, mapacha wana meno sita.

Umeniambia siku, saa, kiti, kochi, tepu, chai, zulia na gereji ya jirani. Hukuniambia mita zilisomaje.

Nijibu hilo.

Shangazi yako

19 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Najua ni miezi miwili karibu. Baba ndiye aliyenikalisha mezani, akaniwekea kalamu, akasema hatoki hapo mpaka niandike hata tusi. Mgongo wake umepata nafuu, ndiyo maana ana nguvu za kunilinda.

Barua yako niliichana. Halafu nikaokota vipande vyote, kwa hiyo usinune.

Unataka kujua mita zilisomaje. Haya. Yangu ilisoma hasi kumi na nne. Ya Bosi baada ya kuishusha ilisoma hasi kumi na nne na nusu. Yake chini ya yangu kwa nusu desibeli, Shangazi. Niliiona nikiwa natayarisha asubuhi ile kabla hawajafika. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe. Kilihitaji kuguswa mara moja tu. Sikugusa.

Haya, umefurahi?

Na mimi nina la kusema. Yeye anawaibia watu masikio kwa desibeli sita kila siku ya Mungu na hakuna anayemwandikia barua ya mistari minne. Mimi nimechukua nusu, mara moja, kwa ajili ya wimbo wa watu waliofiwa, sasa mimi ndiye mwizi? Wimbo umeokolewa. Utachapwa kwenye CD mwezi ujao. Akina mama wamefurahi. Ningeisawazisha kabisa halafu wakachagua yake, ungenipa nini wewe? Pole?

Tena unaniuliza mimi nimeficha nini! Wewe uliyeondoka redioni bila kuaga hata mlinzi wa getini. Watu wa pale mpaka leo wananiuliza nikikutana nao, nabaki kutafuna maneno. Ulihamia huko mbali kwa binti yako ndani ya wiki moja, hupokei simu, hutaki kutembelewa, ukiulizwa unaleta habari za meno ya mapacha. Mimi nimejibu. Sasa jibu wewe.

Kidomo

2 Juni

Mwanangu Kidomo,

Marahaba. Binti yangu na wajukuu hawajambo. Mkwe wangu amenunua baiskeli na ameshaanguka nayo. Haya, hizo ndizo salamu. Nisizirefushe nikajificha nyuma yake kama ulivyosema.

Ni kweli ulilosema, na limeniuma, na nimekaa nalo siku tano.

Sisikii. Sikio la kushoto lilikwenda kwanza, miaka sita iliyopita, likaanza na mlio mwembamba ambao haukuzimika tena. La kulia linafuata polepole. Simu sipokei kwa sababu nikishika simu nasikia mtu anakoroma ndani ya ndoo. Maneno ya mkwe wangu siyasikii, nayaona mdomoni. Nilikudanganya kwa utani kwa sababu nilikuwa naona aibu. Fundi sauti kiziwi! Nani asingecheka?

Hilo si baya zaidi. Baya ni kwamba miaka miwili ya mwisho nilifanya kazi hivyohivyo. Nilikaa mbele ya mita nikiangalia sindano. Ikicheza vizuri nasaini. Ikigonga pekundu narudisha nyuma. Niliwasifu watangazaji kwa sauti nisizozisikia. Nilikuwa hodari sana, hakuna aliyegundua.

Siku moja nikapitisha mahojiano ya saa nzima. Sindano ilicheza kama inavyotakiwa. Kumbe chini ya mazungumzo kulikuwa na muungurumo wa umeme mwanzo mpaka mwisho, mtu mwenye masikio angeusikia kwa dakika moja. Mita haikuambii kilicho chini ya sauti, inakuambia ukubwa tu. Yakarushwa hewani. Mzee aliyehojiwa alikufa wiki hiyo, hapakuwa na kurudia. Mkubwa wa kitengo akaita kikao, akauliza nani alipitisha. Aliyerekodi alikuwa binti mmoja, fundi mwenzangu, ana miaka minne kazini. Wote wakamgeukia yeye. Na mimi nikanyamaza. Saini ilikuwa yangu, Kidomo, na nikanyamaza. Wakamhamishia stoo ya vifaa. Wiki iliyofuata nikaomba kustaafu, nikafungasha.

Kwa hiyo usidhani nakuandikia kwa sababu mimi ni msafi. Nakuandikia kwa sababu nayajua makazi ya siri kama hiyo. Siku za mwanzo unajiambia ulikuwa na sababu nzuri. Sababu yako wewe ni nzuri kuliko yangu, nakubali. Lakini utabaki hujui. Kila utakaposikia ule wimbo utajiuliza kama walichagua wimbo au walichagua nusu desibeli. Na mbele ya bosi wako hutakuwa na cha kumwambia, maana kazi yake na yako itakuwa ni moja, mmetofautiana kiasi.

Wewe umesema hufanyi, na umesema ukifukuzwa na ufukuzwe. Huo ndio ukaidi ninaoupenda. Sasa usiwe mkaidi nusu. Rudi ukawaambie, kabla hawajachapa. Usawazishe mpaka mita zisome namba moja, mbele ya macho yao, waimbaji wote wawepo siyo watatu, kisha wachague. Wakichagua yake, utalia, utakula, utalala.

Jana nimemwandikia yule binti wa stoo kurasa tatu, na mkubwa wa kitengo nimempelekea nakala.

Shangazi yako anayekupenda

30 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama jikoni, halafu nikakaa chini sakafuni. Baba naye nilimsomea, naomba unisamehe, nisingeweza kuibeba peke yangu. Halafu akasema, "Kumbe siku zote alikuwa hanisikii, mimi nikadhani ananipuuza," akaenda kujifungia na friji za watu. Jua kwamba amelia.

Niliwaambia. Mama Pindo alikuwa ameleta picha ya jalada, Bosi yupo, nikasema nina neno. Nikasema yote, mpaka mkono juu ya kitufe. Bosi alifurahi, ungedhani kazaliwa upya. "Nilijua!" anasema, "Nilijua masikio yangu hayawezi kunidanganya!" Mama Pindo hakufurahi. Aliniangalia usoni, akasema, "Sisi tukikata kitambaa cha mteja pungufu, hata inchi moja, tunamwambia kabla hajavaa." Nikasema ndiyo maana nimekuja kabla. Akasema haya, njoo karakana Jumamosi, tutakuwepo wote.

Nilibeba spika mbili na skrini ya mita. Bosi alikuja na gari lake na miwani ya jua. Karakana ni chumba kirefu, cherehani zimepangwa safu mbili, na ukuta mzima wa nyuma ni marobota ya vitambaa mpaka juu. Akina mama walivuta viti. Nikageuza skrini iwatazame wao. Nikawaonyesha namba ya kwanza, namba ya pili, nikaishusha ya pili mpaka zikawa moja. Bosi akakagua mwenyewe, akaomba nizichezeshe tena aone, akasema sawa. Yeye ndiye aliyerusha sarafu ya ipi itangulie, akina mama wakiwa wamegeuka. Mikono yangu nikaikalia.

Wakasikiliza, wakapiga kura kwa vifungo kwenye kopo, cheupe au cheusi. Mama Pindo akahesabu. Kumi na moja yangu. Kenda ya Bosi. Mmoja alikataa kuchagua akasema zote zinamliza. Bibi Uzi alikuwa hajaweka kifungo.

Kenda, Shangazi! Wanawake kenda, wenye masikio yao, walipenda ile iliyominywa, na haikuwa na chembe ya ziada. Walisema inawachangamsha wakiwa kazini, cherehani zikinguruma unasikia kila neno. Nikaona aibu kwa namna nilivyokuwa nawasemea. Bosi akasimama, akasema kura haina mshindi wa maana, kwa hiyo yeye kama mwenye studio ndiye anayeamua.

Hapo Bibi Uzi akanyanyua mkono. Ni mfupi, amekaa mbele kabisa, kidole cha shahada kina sugu la sindano. Akasema, "Hiyo ya pili, mimi napiga kelele."

Bosi akamwambia, "Hapana bibi, unasikika vizuri, ndiyo raha yake."

"Nakuambia napiga kelele," akasema. "Mimi siku ile sikupiga kelele. Nilikuwa naongea na mwenzangu."

Wale kenda, mmoja mmoja, wakaja kwenye kopo wakachukua vifungo vyao.

Bosi alinifukuza palepale barabarani, mlango wa gari ukiwa wazi. Alisema nimemdhalilisha mara mbili kwa wimbo mmoja. Nikamwambia mara ya kwanza nilimdhulumu, na hiyo naomba radhi. Ya pili sikuomba wala siombi. Mama Pindo alidai kazi yao yote siku hiyohiyo, akaondoka nayo kwenye mfuko wa kitambaa.

Kwa hiyo sina studio. Nina kona ya karakana, nyuma ya marobota ya vitambaa. Na unajua nini? Chumba hakirudishi mwangwi hata kidogo! Vitambaa vinameza kila kitu, nasikia vizuri kuliko kule studio kwa Bosi, kwenye kuta za magodoro. Asubuhi cherehani zinanguruma sifanyi kitu, nawasaidia kubandua nyuzi. Saa saba wakiondoka kula, nafanya kazi. Zile nyimbo saba zilizobaki tumezipitia pamoja, na mbili nimezisukuma kwenye limita zaidi ya nilivyozoea, kwa sababu walitaka na walikuwa na haki. Wimbo wa kwanza nimeuacha ulivyoimbwa. Umetoka juzi.

Bosi amepiga simu mara mbili, anasema nirudi, karatasi ya hasi nane imerudi ukutani ila tutazungumza. Nimemwambia sina muda, nabandua nyuzi.

Njoo Shangazi. Baba anasema atakuja kukuchukua stendi, na hatasema neno, atakuonyesha kwa mikono.

Mwanao,
Kidomo

14 Julai

Kidomo wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya Bibi Uzi, mfikishie. Baba yako mwambie aongee tu kama kawaida ila anitazame usoni, na anyoe hayo masharubu, siwezi kusoma mdomo uliofichwa msituni.

Binti wa stoo amenijibu. Kurasa nne. Hajanisamehe, na matusi yake yamepangwa vizuri kama kazi yake ilivyokuwa. Nimeyasoma yote, mawili matatu kwa siku, sijaruka hata moja. Mkubwa wa kitengo amemrudisha kwenye mitambo. Hilo lilikuwa mwishoni, mstari mmoja, bila asante. Inatosha.

Mkwe wangu aliniwekea wimbo wenu. Nilisogeza sikio la kulia mpaka likagusa spika, nikapata kitu mbali sana, kama watu wanaoongea nyumba ya tatu. Sitakudanganya kwamba nimemsikia Bibi Uzi. Nikamwambia mkwe anifungulie mita kwenye kompyuta yake. Ubeti wote wa kwanza ule mstari ulikuwa chini, unapumua, unapanda kidogo, unashuka. Nikasubiri. Halafu ukaruka, Kidomo! Uliruka mpaka nikapiga kelele, na mapacha wakaamka wote wawili kwa pamoja, jambo ambalo halijawahi kutokea. Binti yangu alikuja mbio akanikuta nalia na kucheka, akadhani nimepagawa.

Nakuja Alhamisi ya wiki ijayo, basi la asubuhi. Usiniambie kuhusu umri wangu wala masikio yangu, nimeshakata tiketi. Hiyo kona yenu ina fundi mmoja mwenye masikio mazuri na mkono usioaminika, inahitaji wa pili mwenye kinyume chake.

Kiti changu usikiweke karibu na spika, kiweke mbele ya mita. Macho yangu bado makali. Ukiongeza nusu desibeli, nitakuona.

Shangazi yako